Remain in Light Isikilizwapo Eastlands: Tahakiki ya Santuri Iliyotolewa Upya

Mnamo mwaka wa 2006 santuri ya Remain in Light, kazi ya kundi la Talking Heads la New York, ilirejeshwa madukani ikiwa imesafishwa sauti na kuongezewa vipande vinne ambavyo havikuwa vimemalizwa. Ilikuwa imetolewa kwa mara ya kwanza na kampuni ya Sire katika Oktoba 1980. Tangu kurejeshwa kwake imeandikiwa sifa nyingi, na mwaka wa 2017 Maktaba ya Bunge la Marekani iliitia katika orodha ya rekodi zinazostahili kuhifadhiwa kwa niaba ya taifa lile. Sifa hizo aghalabu zimetoka kwa wasikilizaji wa New York na London, na aghalabu hukariri jambo moja, kwamba hii ndiyo santuri ambamo muziki wa roki ulikutana na Afrika. Kauli hiyo huachwa papo hapo bila kuchunguzwa. Afrika hiyo ni ipi? Ilikutwa wapi? Na Mwafrika aisikilizapo santuri hii, je, anajikuta humo? Makala haya yanakusudia kuyajibu maswali hayo kwa kuiweka santuri mahali mahususi, yaani mitaa ya mashariki mwa jiji la Nairobi ambayo wenyeji huiita Eastlands, na kuipima kwa masikio ya huko.

Huenda msomaji akauliza kwa nini jarida la lugha za Kiafrika lijishughulishe na muziki wa roki. Jibu ni kwamba santuri yenyewe ndiyo iliyoingia katika uwanja huu. Ilipotolewa mara ya kwanza, waandishi wa magazeti walipelekewa pamoja nayo orodha fupi ya vitabu, kimojawapo kikiwa African Rhythm and African Sensibility cha John Miller Chernoff, kilichochapishwa na Chuo Kikuu cha Chicago mwaka wa 1979. Si kawaida santuri ya kuchezea dansi kuja na orodha ya marejeleo. Msanii aonyeshaye hadharani kitabu alichosomea amejitolea mwenyewe kusahihishwa kwa kitabu hicho, na kazi ya kusahihisha ni ya watu wa idara kama hizi.

Muziki uitwao wimbi jipya ulizuka New York na London katika nusu ya pili ya miaka ya 1970, wakati vijana wa pank walipoutangaza muziki wa roki wa siku hizo kuwa umenenepa kwa fedha na majivuno. Wanamuziki wa wimbi jipya waliikubali lawama hiyo, ila wao walikuwa na masomo mengi zaidi na hasira chache zaidi. Talking Heads, walioanza mwaka wa 1975, ni mfano mzuri. Watatu kati ya wanne walikuwa wamesoma katika chuo cha sanaa cha Rhode Island. Magitaa yao yalikuwa makavu, yasiyo na mivumo, na David Byrne aliimba kama mtu aliyeshikwa na wasiwasi mbele ya karani. Remain in Light ni santuri yao ya nne. Ilirekodiwa katika studio ya Compass Point mjini Nassau, katika visiwa vya Bahama, ikamaliziwa New York, mtayarishaji akiwa Mwingereza Brian Eno.

Eastlands nayo si mtaa mmoja. Ni mkufu wa mitaa ulioanzia Pumwani na Majengo katika miaka ya 1920, ukapita Kaloleni ya miaka ya 1940, ukaendelea Makadara, Bahati, Maringo na Jericho, hata ukafika Buruburu, iliyojengwa kuanzia miaka ya 1970 kwa watu wa mishahara ya kati, na Dandora, mradi wa viwanja uliofadhiliwa na Benki ya Dunia katika muongo huo huo. Sehemu kubwa ya mitaa ya kale ilijengwa na serikali ya kikoloni kwa ajili ya kuwaweka wafanyakazi Waafrika karibu na reli na viwanda, na mbali na makao ya Wazungu. Waliotoka Nyanza, Ukambani, Murang'a, Magharibi na pwani walijikuta wakichota maji katika bomba moja na kusikilizana kupitia ukuta mmoja. Katika kusikilizana huko ndimo Kiswahili cha Nairobi kilimopata umbo lake, na baadaye Sheng, ambayo huhusishwa na mitaa hii kuliko mingine yoyote. Muziki nao ulifuata njia hiyo hiyo. Mtoto wa fundi wa reli aliyezaliwa na wazazi Wakamba angeweza kukua akijua benga ya Kijaluo kwa sababu ndiyo iliyopigwa chumba cha pili, na rumba ya Wakongo kwa sababu ndiyo iliyopigwa baa ya kona.

Haitakuwa kweli kudai kwamba wimbi jipya liliwahi kuwa muziki wa Eastlands. Muziki uliotamba huko ulikuwa rumba, benga, soul na rege, na baadaye rap. Lakini hilo halimwondolei msikilizaji wa huko haki ya kuamua. Kinyume chake, yeye ana kitu ambacho mhakiki wa New York hana: amezoea tangu utotoni muziki ambamo hakuna ala inayojitosheleza.

Na hapo ndipo penye kiini cha fani ya santuri hii. Hoja kuu ya Chernoff, aliyejifunza kupiga ngoma nchini Ghana, ni kwamba katika muziki aliousoma huko kila mdundo una maana kwa sababu ya mdundo mwingine unaoukabili. Ukiutoa peke yake unabaki kama nusu ya mazungumzo yanayosikika katika simu. Talking Heads waliijaribu hoja hii kwa vitendo. Mfano wao wa kusikiliza ulikuwa santuri ya Fela Kuti iitwayo Afrodisiac, ya mwaka wa 1973. Badala ya kuja studio na nyimbo zilizokwisha kutungwa, walipiga vipande vifupi, wakavirudiarudia, wakaweka kimoja juu ya kingine, halafu maneno yakaja mwisho. Karibu kila wimbo unasimama juu ya msingi mmoja usiobadilika tangu mwanzo hadi mwisho. Besi ya Tina Weymouth ina sauti chache na mapengo mengi. Gitaa linaingia katika mapengo hayo. Kinanda kinaingia katika mapengo ya gitaa. Ukisikiliza chombo kimoja tu, utadhani mpigaji amesahau nusu ya kazi yake.

Msikilizaji wa Kaloleni hahitaji kusomeshwa jambo hili. Katika benga ya D. O. Misiani na Shirati Jazz gitaa la solo huidaka sentensi ya mwimbaji kabla haijakauka, kama nyatiti ilivyofanya kabla ya gitaa kufika, na besi haikai chini kama mtumishi bali hubishana na wote wawili. Kisha, maneno yakiisha, magitaa huachiwa uwanja, mwendo ukapamba moto, na hiyo ndiyo sehemu ambayo wachezaji waliingojea. Kwa kuwa nyimbo hizi zilitolewa katika santuri ndogo za mizunguko 45, wimbo uligawanywa mara mbili, na ilimbidi mtu ainuke kuigeuza santuri ili apate nusu ya pili. Kuinuka huko kulikuwa sehemu ya muundo. Anayesikia benga leo katika mikusanyo iliyotolewa upya, wimbo ukiwa umeunganishwa, anapata urahisi na kupoteza ule mpumuo wa katikati.

Tukiilinganisha Remain in Light na benga, tofauti moja yajitokeza wazi, nayo haijasemwa vya kutosha. Katika benga badiliko ni uamuzi wa wapigaji walio mahali pamoja: mmoja anamtazama mwenziwe, anatikisa kichwa, na wote wanavuka. Katika santuri hii badiliko ni uamuzi wa mkono juu ya meza ya kuchanganyia sauti. Tepu zote zinazunguka wakati wote. Kinachofanya kiitikio kiwe kiitikio ni kwamba baadhi ya tepu zimefunguliwa na nyingine zimezimwa. Vipande vingi viliwekwa kimoja baada ya kingine, hivi kwamba ala inayojibu ilikuwa ikiijibu sauti iliyokwisha kurekodiwa, isiyoweza kuisikia. Kwa kipimo cha Chernoff, basi, hapa pana umbo la mazungumzo, lakini mmoja wa wazungumzaji huwa amekwisha kuondoka chumbani. Huenda hii ndiyo sababu ya ubaridi fulani unaosikika hata katika nyimbo zenye mwendo mkali. Ubaridi huo si kosa la bahati mbaya. Maneno ya Byrne yanahusu watu wasiojua wamefikaje mahali walipo, na fani imewapa watu hao chumba kinachowafaa.

Mfano bora ni Once in a Lifetime. Kwa mujibu wa maelezo ya wahusika wenyewe, Eno alilisikia pigo la kwanza la wimbo huo mahali tofauti na pale walipolisikia wanamuziki wengine. Wao walihesabu moja hapa, yeye akahesabu moja pale, na badala ya kusuluhisha waliziacha hesabu zote mbili zikae ndani ya wimbo. Hilo ndilo linaloufanya uonekane kuelea, kana kwamba sakafu ina maji. Mwanamuziki wa Magharibi hulisimulia tukio hili kama kioja. Kwa mtu aliyecheza ngoma za harusi za Majengo, au aliyejaribu kucheza benga kwa miguu iliyozoea rumba, si kioja hata kidogo, kwani swali la pigo la kwanza liko wapi huamuliwa na mguu wa mchezaji, na wachezaji wawili waweza kuamua tofauti bila yeyote kukosea. Yaani kosa la Eno la kusikia ndilo lililowafikisha karibu zaidi na kile walichokuwa wakikitafuta katika kitabu.

The Great Curve nao wastahili kutajwa, kwa kuwa ndani yake sauti za waitikiaji zimepangwa matabaka matatu yanayopandana, kila tabaka na maneno yake. Katika nyimbo nyingi za Afrika Mashariki mwitikio hungoja zamu yake. Hapa haungoji. Matokeo yake ni msongamano wa furaha, kama kituo cha magari ya Eastlands saa kumi na moja jioni wakati makanga watatu wanaita abiria wa njia tatu, na kila abiria analisikia jina la mtaa wake tu. Kisha gitaa la Adrian Belew linapasua kati kwa mlio wa chuma kinachokatwa, nalo halina asili yoyote ya Kiafrika, wala halijaribu kuwa nayo. Ni kipande kizuri kuliko vingi ambavyo vimejaribu.

Toleo la miaka ya 2000 lilikuja pia na mpango wa sauti za kumzunguka msikilizaji, ambapo ala zimegawanywa katika vipaza sauti vya mbele na vya nyuma. Wako wanaouona mpango huo kuwa mchezo wa matajiri, na kwa kweli ni nyumba chache za Jericho ambazo zina nafasi ya vipaza sauti vitano, achilia mbali fedha. Hata hivyo upo ukweli ndani yake. Ngoma haisikilizwi kutoka mbele. Mtu husimama ndani ya duara, na ngoma iliyo karibu na bega lake ndiyo humtawala. Wapandao matatu za Buruburu wanalijua jambo hili kwa mwili, maana besi hutoka chini ya kiti na sauti nyembamba hutoka juu ya dirisha. Matatu ndiyo studio ya kusikilizia inayoifaa santuri hii, na ni ajabu kwamba haijulikani humo.

Sasa yafaa kulikabili shtaka ambalo mhakiki yeyote wa Kiafrika atatarajiwa kulileta, nalo ni la wizi. Shtaka lenyewe ni rahisi kuliandaa: wanamuziki wanne wa New York na Mwingereza mmoja walichukua mbinu za Fela, wakazirekodi Bahama, na sifa zikabaki New York. Lakini anayelileta kutoka Eastlands sharti aangalie asije akajifunga mwenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vijana watatu wa Dandora, waliojiita Kalamashaka, waliuchukua muziki wa rap wa Marekani, pamoja na midundo yake na namna yake ya kusimama, wakautia Kiswahili na Sheng za mtaa wao, wakatoa Tafsiri Hii na baadaye, mwaka wa 2001, santuri ya Ni Wakati. Hakuna aliyewaita wezi, na ni sawa. Waliazima chombo wakakitumia kusema kile ambacho hakikuwa kimesemwa, na wakaufundisha mji mzima kwamba lugha ya Dandora yaweza kubeba fikra nzito. Hata jina la wimbo wao wa kwanza kuvuma lilikuwa amri kwa msikilizaji aifanye kazi ya kufasiri. Ikiwa kuazima ni haki ya Dandora, ni haki ya New York pia.

Tofauti iko katika mambo yafuatayo kuazima. La kwanza ni majina. Santuri ya 1980 ilipotoka, utunzi wa nyimbo ulitajwa kuwa wa David Byrne, Brian Eno na Talking Heads, jambo lililowaudhi wanakundi wengine, ambao walijiona wamefichwa chini ya jina la jumla. Matoleo ya baadaye yalimtaja kila mmoja kwa jina lake. Ugomvi huo wa nyumbani unachekesha kidogo ukitazamwa kutoka mbali, kwa sababu watu waliokuwa wakiteta juu ya nani ametunza nini walikuwa wamesimama juu ya msingi wa mtu wa Lagos. Fela anatajwa hatimaye katika toleo la 2006, ndani ya mojawapo ya vile vipande vinne vya nyongeza, kiitwacho Fela's Riff. Kwamba jina lake limo katika kipande kilichoachwa nje mwaka wa 1980 na kurudishwa miaka ishirini na sita baadaye ni jambo la kutafakari.

La pili ni uhifadhi. Vipande hivyo vinne ni mabaki ya kazi. Havina maneno, na kimojawapo, Right Start, ni mbegu ya Once in a Lifetime kabla haijaota. Vimepatikana kwa sababu kuna mtu aliyezitunza tepu kwa robo ya karne. Nyimbo za Nairobi za miaka hiyo hiyo hazikuwa na bahati ile. Kampuni ya Soundway ya London ilipotoa mkusanyo wa Kenya Special mwaka wa 2013, nyingi za nyimbo hizo zilitoka katika santuri ndogo za mizunguko 45, na mikwaruzo ya sindano yasikika. Mhakiki wa Remain in Light anaweza kuandika juu ya namna wimbo ulivyozaliwa, hatua kwa hatua. Mhakiki wa benga anaukuta wimbo ukiwa mtu mzima asiye na picha za utotoni. Ni umaskini wa taaluma wala si wa muziki, na vyuo vyetu vina sehemu yao ya lawama.

Kuhusu uimbaji yatosha kusema machache. Byrne alijifunza namna ya kutamka maneno ya Once in a Lifetime kutoka kwa wahubiri wa redio wa Marekani: pumzi fupi, sentensi inayopanda, swali ambalo mhubiri analijua jibu lake. Kule kwao huonekana jambo la kisanii. Katika Barabara ya Jogoo, ambako mhubiri hupanda basi na kuhubiri hata abiria ashuke, sauti ile inajulikana mara moja, na pengo lake pia: mhubiri wa basi ana hadhira inayomwitikia amina au inayomwangalia dirishani kwa ukaidi, ilhali Byrne amejihubiria mwenyewe. (Yeye na Eno walikwenda mbali zaidi katika My Life in the Bush of Ghosts ya mwaka wa 1981, wakawatumia wahubiri wenyewe wakiwa wamerekodiwa redioni. Jina la santuri hiyo lilichukuliwa kutoka riwaya ya Amos Tutuola ya mwaka wa 1954, na hilo ni deni jingine.)

Upande wa maudhui ndio mgumu zaidi, na ugumu wote umekusanyika katika wimbo wa saba, Listening Wind. Unamhusu mtu aitwaye Mojique, mwenyeji wa nchi isiyotajwa, anayewaona Wamarekani wakijijengea makao katika nchi yake. Anaandaa vilipuzi, anavipeleka, na upepo unamwongoza. Muziki ni wa polepole na laini, ngoma zikigusa tu, na bila shaka huu ndio wimbo mzuri kuliko yote katika santuri. Mhakiki wa miaka ya 1970 angeupokea kwa mikono miwili kama wimbo wa kupinga ubeberu ulioimbwa na mkazi wa Marekani yenyewe, na angekuwa na hoja. Wimbo haumdhihaki Mojique wala haumfanyi jini. Unaingia ndani ya upweke wake na kukaa naye.

Lakini tarehe 7 Agosti 1998, yapata saa nne na nusu asubuhi, bomu lililipuliwa katika ubalozi wa Marekani mjini Nairobi, kwenye makutano ya Barabara ya Haile Selassie na Barabara ya Moi. Waliouawa Nairobi walikuwa 213, na Wamarekani kati yao walikuwa 12. Maelfu walijeruhiwa, wengi wakapofushwa na vioo kwa kuwa walikimbilia madirishani waliposikia kishindo cha kwanza. Jumba la Ufundi lililokuwa jirani liliporomoka na watu ndani. Mahali hapo ni karibu na stesheni ya reli, na ni njia ya wengi waingiao mjini kutoka Eastlands asubuhi. Waliokufa walikuwa makarani, wanafunzi wa uhazili, abiria na wapita njia.

Santuri ya 1980 haiwezi kulaumiwa kwa jambo la 1998. Ila santuri iliyotolewa upya ni tamko jipya katika wakati mpya, na wimbo ambao mwaka wa 1980 ulisikika kama kisa cha kubuni mwaka wa 2006 ulisikika katika mji uliokuwa umekwisha kuzika watu wake. Ukisikilizwa baada ya hayo, upungufu wake waonekana. Wimbo una mtega bomu, una mlengwa, una upepo. Hauna mpita njia. Kati ya Mojique na Wamarekani anaowachukia hakuna barabara, hakuna kituo cha basi, hakuna mtu mwingine wa nchi ile aliyeamka asubuhi akaenda kazini. Nchi ya Mojique ni tupu. Msanii aliyeifikiria kwa huruma kubwa hata hivyo hakumtia ndani mwenyeji wa pili, na kwa kuwa hakuna mwenyeji wa pili, swali la nani atakufa haliulizwi. Katika bustani ya kumbukumbu iliyopo leo pale ulipokuwa ubalozi upo ukuta wenye majina ya waliokufa. Wimbo una jina moja tu.

Hapa fani na maudhui, ambavyo wahakiki wetu wamezoea kuvitenga katika sura mbili, vinashikana. Santuri hii imejifunza kutoka Afrika kwamba hakuna sauti inayojitosheleza. Kila mdundo wamhitaji jirani. Kanuni hiyo imetiiwa na besi, magitaa na ngoma kwa uaminifu wa kusifiwa. Mtunzi hakuipeleka katika maneno. Watu wa nyimbo hizi, yule wa Once in a Lifetime, yule wa Seen and Not Seen anayetamani uso wake ubadilike polepole ufanane na picha aionayo, na Mojique, wote wako peke yao, na hakuna anayewajibu. Picha ya jalada la mbele inayaonyesha mambo hayo pasipo kukusudia: nyuso nne za wanakundi, kila moja imefunikwa kwa wekundu kama barakoa, zimepangwa pamoja wala hazitazamani.

Mwaka wa 2018 Angélique Kidjo wa Benin aliirekodi upya santuri yote, mpiga ngoma wa zamani wa Fela, Tony Allen, akiwa miongoni mwa waliomsaidia. Kidjo aliongeza maneno ya lugha za Afrika Magharibi katika sehemu kadhaa, na kazi hiyo yawahusu wanafunzi wa lugha moja kwa moja. Alipoziingiza lugha hizo hakutafsiri maneno ya Byrne. Aliongeza sauti ya pili pale palipokuwa na moja. Kwa namna hiyo mtu mpweke wa 1980 amepata waitikiaji wanaomwelewa na ambao yeye haelewi wasemalo. Yapo mambo yaliyopotea pia: pembe na shaba zimejaza yale mapengo ambayo besi ya Weymouth iliyaacha wazi kwa makusudi, na wasiwasi wa wimbi jipya umegeuka sherehe. Lakini kwa mtu atakaye kujua santuri ya kwanza ilikuwa haina nini, tafsiri ya Kidjo ni uhakiki bora kuliko mwingi ulioandikwa.

Wimbo wa mwisho wa santuri ya asili, The Overload, hauna Afrika ndani yake. Ni mzito, wa polepole, wenye giza. Inasimuliwa kwamba kundi liliutunga likijaribu kufanana na Joy Division wa Manchester, ambao lilikuwa limesoma habari zao bila kuwasikia. Ikiwa ndivyo, basi njia ilikuwa ile ile iliyowafikisha kwa ngoma za Ghana: walisoma juu ya muziki, kisha wakaupiga walivyoukisia. Mwaka wa 1980 msikilizaji aliachwa hapo, gizani. Katika toleo la 2006 vile vipande vinne vimepangwa baada ya The Overload, cha mwanzo kikiwa Fela's Riff na cha mwisho Right Start, hivi kwamba santuri inapokoma sasa hakuna sauti ya Byrne wala ya mtu yeyote. Ipo besi inayorudia hatua zake chache, na gitaa linalojaribu kupata mahali pa kuingilia, na mahali pa mwimbaji pako wazi.